Mkopo Anao, Choo Hana

Hapa Vienna giza la Desemba huingia saa kumi jioni. Jana nilimchukua mwanangu chekechea nikasukuma kigari chake toka kituo cha treni hadi mlangoni bila kukinyanyua hata mara moja. Njia pana, na taa zinammulikia anayetembea, si dereva peke yake. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mama, nikapandwa na hasira.

Njia hiyo haikuota yenyewe. Mwaka 1999 wakuu wa jiji hili waliwauliza wakazi wanavyosafiri kila siku. Wanaume walimaliza upesi: asubuhi kazini, jioni nyumbani. Wanawake waliandika bila kukoma: shule, kliniki, soko, kwa mzazi mgonjwa, soko tena. Baadaye mtaa wa Mariahilf ukafanywa wa majaribio, njia za miguu zikapanuliwa na taa zikaongezwa. Tangu 2009 katiba ya Austria inaagiza bajeti, za taifa hadi za manispaa, zilenge usawa wa wanawake na wanaume.

Sasa mama. Anauza sukuma na nyanya katika soko moja la Eastlands, Nairobi. Alfajiri ameshatoka Marikiti, soko la jumla, na gunia. Ushuru wa siku anatozwa kabla hajauza hata fungu moja, na akibanwa na haja analipa shilingi kumi kuingia choo. Kwa hiyo hanywi maji mpaka arudi nyumbani. Daktari amemwambia anywe. Mama humjibu, "Sawa, daktari."

Wakenya wenzangu, najua mtasema nimevuka bahari na sasa najifanya mwalimu wenu. Hapana. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004. Hapa Austria ilipunguzwa mwaka 2021, toka asilimia 20 hadi 10, ikaja kuondolewa mwaka 2026! Nimewaambia wenzangu kazini hayo kifua mbele. Tuna Hazina ya Wanawake tangu 2007, na mama na chama chake wamewahi kukopa humo na wakalipa hadi senti ya mwisho.

Lakini kumkopesha mama si kupanga bajeti kwa ajili yake. Mkopo anaurudisha. Ushuru wake haurudi, hata kwa umbo la choo. Bajeti ya kuangalia jinsia inauliza jambo moja kwa kila shilingi: nani ataitumia, na nani ataikosa? Na msiniambie Austria ni tajiri. Sijaomba reli ya chini ya ardhi. Naomba mlango, maji, na taa.

Kifungu cha 201 cha katiba yetu kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Vizuri sana. Mbona basi mkutano wa maoni ya bajeti uitwe Jumatano saa nne asubuhi, ukumbini, mbali na soko? Atakayekuja ni asiye na biashara ya kufunga. Mama alikwenda mwaka jana, akapoteza mauzo ya siku nzima, akataja choo. Wakaandika. Kimya.

Hajakata tamaa. Amepiga hesabu nyuma ya karatasi ya unga: vibanda vya safu yao, ushuru wa kila kimoja, siku za mwezi. Jumla ameizungushia duara. Ameikunja ndani ya kiondo, chini ya nyanya, akingoja mkutano mwingine.