Makinikia: tuyayeyushe wenyewe au tuyauze yalivyo?

Serikali yoyote ikipiga marufuku kusafirisha makinikia, shangwe hazikosekani: kwa nini mali ikaneemeshe wengine? Hoja ina uzito, ila wengi wanaoitoa hudhani makinikia ni mchanga tu. Sivyo.

Mwamba wa shaba unaochimbwa siku hizi mara nyingi hauna hata asilimia 1 ya shaba. Hulipuliwa kwa baruti, hupondwa, kisha husagwa kwenye vinu vyenye mipira ya chuma hadi uwe unga. Unga huo hutiwa maji na kemikali, halafu hewa hupulizwa kutoka chini. Chembe za madini hung'ang'ania mapovu na kupanda juu, mawe matupu huzama na kuishia kwenye bwawa la topesumu. Povu likishakamuliwa maji, hayo ndiyo makinikia, na shaba imefika asilimia 25 hadi 30. Yaani sehemu kubwa ya kuongeza thamani imeshafanyika mgodini, kabla ya tanuri.

Mwenye tanuri hulipia shaba iliyomo, akikata ada yake. Ada hiyo ni sehemu ndogo ya bei, ilhali tanuri lake linafanya kazi kwenye nyuzi joto kama 1,200, linataka umeme usiokatika na mzigo usiokoma. Halafu kuna salfa iliyomo kwenye makinikia: kila tani ya shaba huweza kuzaa takriban tani 3 za asidi ya salfuri. Zambia na Kongo zina wateja wa asidi hiyo, kwa kuwa migodi mingine ya hukohuko huitumia kuyeyushia shaba kutoka kwenye mawe. Pasipo na mteja, ni mzigo wa sumu.

Wapo waliothubutu. Indonesia ilifunga milango ya nikeli ghafi Januari 2020, na viwanda vikaja kweli, japo vingi vinaendeshwa kwa makaa ya mawe. Ilikuwa na akiba kubwa mno ya nikeli kiasi kwamba wanunuzi hawakuwa na pa kukimbilia. Nchi yenye migodi miwili mitatu haina ubavu huo.

Kwangu mimi, tanuri linaweza kusubiri, kipimo hakiwezi. Ndani ya makinikia ya shaba mara nyingi mna dhahabu na fedha pia, na malipo hufuata matokeo ya sampuli. Mvutano wa Tanzania na kampuni ya Acacia mwaka 2017 ulikuwa juu ya hilohilo: makontena yana dhahabu kiasi gani? Kamati ya rais ilisema nyingi kuliko iliyotangazwa, kampuni ikakana. Maabara ya taifa inayoaminiwa na pande zote mbili ingegharimu chembe tu ya bei ya tanuri.