Nilidhani Itogolo ni Jina la Mahali

Mwaka nilioamua kulima mahindi kijijini kwetu Kwimba, huko Usukumani, babu yangu mdogo alinitazama, akasema maneno mawili tu: "Pale itogolo." Nikamjibu, "Ndiyo guku (yaani babu), hapo hapo Itogolo." Nilidhani ni jina la mahali, kama Buhongwa au Igoma. Shamba lilikuwa tambarare, halina jiwe hata moja, na kodi yake ilikuwa ndogo kiasi cha kunifurahisha badala ya kunitia mashaka. Mvua zilipokolea, maji yakatuama kama kwenye sinia. Mahindi yakageuka njano, yakadumaa kimo cha goti. Mvua ilipokata, ardhi ile ile ikawa kama sakafu. Ukipiga jembe, linaruka.

Itogolo si mahali. Ni udongo.

Ukitelemka huko kwetu kutoka kilimani hadi bondeni, unakanyaga udongo wa aina nyingi, na kila mmoja una jina lake. Juu kwenye majabali ni luguru. Chini yake kuna luseni, mchanga mwepesi wa mihogo, karanga na matuta ya viazi, unaolimika hata kwa mvua ya kwanza. Ukizidi kushuka unaingia itogolo: mchanga kidogo juu, na chini yake gamba gumu lisilopitisha maji. Hapo watu huchunga ng'ombe au huchimba majaluba, vile vishamba vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji, kwa kuwa maji yanayokataa kuzama ndiyo mpunga unayoyataka. Kisha unakuja ibushi, wenye rutuba na vijiwe vyeupe vya chokaa. Mwisho kabisa ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunasa matairi wakati wa masika. (Mbuga hii haina twiga wala watalii.) Watafiti wa udongo waliokuja Usukumani enzi za ukoloni waliyachukua majina haya haya wakayaandika kwenye ripoti zao.

Sasa kila nikisema Kisukuma kinapotea, jamaa zangu wa Mwanza hunicheka. Kipotee vipi, wakati Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini? Panda daladala yoyote ya Kisesa usikie. Na kweli, "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, imeandikwa mpaka kwenye fulana, na mchekeshaji akitaka kicheko cha haraka anaigiza lafudhi yetu. Lakini mimi pia ni katika hao wanaohesabiwa kuwa wanakijua. Nasalimia, nashukuru kwa "wabeja", nabishania bei ya dagaa mwaloni Kirumba, natania na Wasukuma wenzangu. Kisukuma changu chote hicho hakikuweza kuokoa debe moja la mahindi. Lugha inaweza kuwa na wasemaji mamilioni na bado ikabaki ya salamu na utani. Hilo ndilo ninaloliona kwetu, na sensa haiwezi kulionyesha.

Nilikosea wapi? Shule niliyosoma, aliyesikika akiongea kilugha alivishwa kibao shingoni, akashinda nacho mpaka amkamate mwenzake. Tuliona ni mchezo. Lakini siwezi kukitupia Kiswahili lawama zote. Nimeoa Mhaya, bila Kiswahili tungebaki kutazamana tu.

Lawama yangu ni kwetu sisi tunaodhani mila zinaokolewa jukwaani. Nenda Bujora, kwenye makumbusho yetu ya Wasukuma, mwezi wa Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, uwaone Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji mahasimu, wakishindana kuvuta watazamaji, mmoja na nyoka shingoni, mwingine na vituko ambavyo sitavisimulia hapa. Napenda sana, sikosi nikipata nafasi. Ila angalia bugobogobo. Ngoma ile ilikuwa kazi. Ilipigwa shambani kwa mtu, wakulima wamejipanga mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mwenye shamba kapika. Siku hizi jembe linarushwa hewani, linadakwa, linazungushwa, watu wanapiga makofi. Udongo haliugusi. Kijana anayelidaka kwa ustadi ule ukimuuliza luseni na ibushi vinatofautianaje, atakuona umetumwa na wazee.

Wala sitaki kila cha kale kirudi. Vikongwe wa kwetu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka sitini. Mila hiyo izikwe, na asiilie mtu.

Kinachonipa moyo ni kwamba maneno huhama yakipata wa kuyabeba. "Majaluba" yameshaingia katika Kiswahili cha Kanda ya Ziwa. Ukisema vitalu vya mpunga unaonekana mgeni. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vimeingia kwa njia ya tumbo. Hapo kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka, kilichojaa kilimo, uvuvi, pombe na ukwe wa watu wake. Hakikuchapishwa mpaka 1980, tena kwa Kiswahili, baada ya mwandishi kukitafsiri mwenyewe. Wengine huisimulia habari hiyo kama msiba wa Kikerewe. Mimi naiona pia kama mzigo uliovushwa na mtu mmoja mgongoni mwake. Kwa nini basi bwana shamba aje kijijini kwetu na "udongo wa kichanga" na "udongo wa mfinyanzi", wakati anaowafundisha wana jina la kila hatua kumi?

Msimu uliofuata nilimwomba guku tutembee kutoka mlimani hadi mbugani, simu mkononi nikirekodi. Jirani yake mmoja akajiunga nasi bila kualikwa. Karibu na bonde wakaanza kubishana: jirani anasema bado tuko itogolo, guku anasema tumeshaingia ibushi. Wakaongea kwa kasi, nusu ya maneno ikanipita. Mwishowe guku akachukua jembe, akachimba kama shubiri moja, akainama na kuokota kijiwe cheupe. Hakusema kitu. Alimwekea jirani yake kiganjani, na jirani akakohoa, akaanza kuuliza habari za ng'ombe.