Saizi Yako Ngapi?

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Saizi yako ngapi?" Alikuwa dukani, ameona gauni, kanikumbuka mdogo wake. Mtu mwingine angejibu papo hapo akaendelea na shughuli zake. Mwenzenu niliukodolea macho ule ujumbe kama mwanafunzi aliyekuta swali la hesabu kwenye mtihani wa Kiswahili.

Nikamwandikia: "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea duka."

Akanyamaza. Dada yangu akinyamaza ujue anahesabu hadi kumi.

Lakini nilikuwa nasema kweli. Fungua kabati langu ujionee. Sketi nyeusi inasema mimi ni 10. Jinzi inayonikaa vilevile kama hiyo sketi inasema mimi ni 14. Blauzi inasema M, koti linasema XL, na nikivaa vyote siku moja natembea kama ukoo mzima uliobanana kwenye mwili mmoja. Tena kuna siku nilichukua suruali mbili za kampuni moja, mtindo mmoja, saizi moja, tofauti rangi tu. Ya bluu ikapanda bila maneno. Nyeusi ikagoma mapajani. Nikabaki najiuliza, hivi kati ya bluu na nyeusi nimenenepa saa ngapi?

Fundi mmoja wa nguo akanicheka. Akaniambia viwandani kitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisu kinapita mara moja, na vipande vya juu na vya chini si lazima vitoke sawasawa. Kwa hiyo mimi sikunenepa. Mimi nilipewa ya chini ya rundo.

Mimi nikiudhika huwa nasoma. Basi nikasoma. Kumbe kule Marekani, kati ya mwaka 1939 na 1940, serikali iliamua kumaliza huu ubishi. Wakapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Hamsini na tisa! Mimi nikipimwa vitatu tu na fundi cherehani nimeshachoka kunyoosha mikono. Halafu baada ya jasho lote hilo, vipimo vya wanawake wasio weupe vikawekwa kando. Mwaka 1958 wakatoa viwango rasmi kutokana na hesabu hizo, na kufika 1983 serikali yenyewe ikaviondoa, kila mwenye kiwanda akabaki na kamba yake.

Na wenye viwanda wakagundua siri: mwanamke akiingia kwenye namba ndogo, ananunua. Basi wakaanza kushusha namba. Gauni la saizi 14 kwenye katalogi ya 1937 ya Sears, duka la Kimarekani, lilikuwa na kifua cha inchi 32. Kufika 1967 kifua kilekile kinaitwa saizi 8. Kufika 2011 kinaitwa 0. Sifuri, jamani! Kifua kimekaa pale pale, hakijafanya zoezi wala kuruka mlo, kinashushwa tu daraja. Wakiendelea hivi wajukuu zetu watavaa saizi za chini ya sifuri kama hali ya hewa ya Siberia.

Dada yangu akarudi hewani: "We nambie tu unayovaa sana."

Ninayovaa sana ni ile ya lastiki.

Sasa usinishauri nikajaribu dukani, maana chumba cha kujaribia ndiko nilikoacha heshima yangu. Kwanza lile pazia. Sijawahi kukutana na pazia la chumba cha kujaribia lililoshonwa kwa upana wa mlango. Ukivuta kushoto, kulia panabaki wazi kwa kiasi cha jicho moja. Ukivuta kulia, kushoto napo panafunguka. Unavaa huku umekanyaga ncha ya pazia kwa kisigino, umeegemea kona moja kwa kiwiko, na mkoba umeung'ata kwa sababu ile misumari ya kutundikia imeshajaa nguo walizoziacha wenzako. Taa iko juu kabisa ya utosi, inakuonyesha mpaka mabonde ambayo hata mama mzazi hayajui.

Mara ya mwisho niliingia na gauni la zipu ya ubavuni. Sikuiona. Nikalipitisha kichwani hivihivi. Likashuka, likashuka, likafika mabegani, likasimama. Halipandi, halishuki. Mikono yote miwili juu, uso umo ndani ya kitambaa, naona nyuzi tu. Nikasikia sauti ya msichana wa duka nje ya pazia:

"Anti, limekukaa?"

"Bado nalitazama!" Natazama nini? Nimo ndani kama muhogo kwenye gunia.

"Nikuletee kubwa zaidi?"

Hapo ndipo simu ikaanza kuita. Iko sakafuni, inajikung'uta kuelekea upande wa pazia, na mimi naifuata kwa mguu, kipofu, mikono juu kama nimekamatwa na polisi. Nikagonga kioo kwa paji la uso. Yule binti akaingia bila kubisha hodi, akashusha zipu kwa vidole viwili, gauni likafunguka lenyewe. Akasema, "Zipu ndiyo hii, anti." Nililinunua. Ningefanyaje? Binti ameshaniona mpaka kitovu, siwezi kumwambia sijalipenda.

Viatu navyo. Mguu wangu ni 39. Ni 39 asubuhi. Jioni, baada ya kusimama na kutembea kutwa, umevimba kidogo, na ndiyo maana wanaojua husema kiatu kajaribu jioni. Mimi nilinunua cha kwangu cha mtoko saa tatu asubuhi, nikiwa na mguu wa malaika. Saa mbili usiku kwenye sherehe nilikuwa nimekaa, nimevivua chini ya meza, natabasamu, naomba Mungu asitokee mtu wa kuniita kucheza. Alitokea.

Nilipotaka kuagiza vingine kwa simu, muuzaji akaniuliza, "39 ya Ulaya au 6 ya Kiingereza?" Nikasema si ni ileile? Akasema inakaribiana. Hii "inakaribiana" ndiyo iliyotoa ngozi kisigino changu. Zile namba za Ulaya kila hatua ni theluthi mbili za sentimita, na za Kiingereza kila hatua ni theluthi moja ya inchi, kipimo kilichotokana na urefu wa punje moja ya shayiri. Shayiri! Watu wanarusha vyombo angani, mimi kidole gumba changu bado kinapimwa kwa nafaka. Bila shaka hazitalingana.

Nikasema basi, angalau uso wangu ni mmoja, nao naujua. Nikaenda kutafuta faundesheni.

Kaka wa kaunta ya vipodozi alinitazama kwa jicho la daktari, akachora mistari minne kwenye taya langu, kila mmoja na rangi yake. Mmoja unaitwa asali, mwingine karameli, wa tatu jina lake ni namba tatu tupu kama chumba cha hoteli, na wa nne ulikuwa wa kijivu. Nadhani ulikuwa wa marehemu. Akaniambia, "Toka nje ukajione kwenye mwanga wa jua, hizi taa za humu zinadanganya." Ushauri mzuri kabisa. Halafu akaongeza, "Usifute kwanza, subiri nusu saa, zikikauka hubadilika rangi." Nikatoka. Nikajitazama kwenye kioo cha simu. Nikakutana na jirani, tukasalimiana. Nikaingia benki. Nikapanda gari. Nikafika nyumbani, nikapika, nikapokea mgeni. Saa moja jioni nikapita mbele ya kioo cha sebuleni nikakuta pundamilia ananitazama. Watu sita niliongea nao siku ile, jamani, sita! Hakuna hata mmoja aliyesema neno. Mwenzako akiwa na mistari minne usoni unamwuliza habari za nyumbani, kweli?

Hapo sijagusa ile rangi ya mdomo waliyoiandika "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Niliipaka midomo yangu ikawa kama ya mtu aliyekula chaki. Mwenye ngozi hiyo yupo, namtakia heri, ila simjui. Mambo yamebadilika siku hizi, rangi zimeongezeka, nakubali. Lakini bado nikifika kaunta, rangi za watu wengine zimepangwa usawa wa macho, na yangu ipo rafu ya chini kabisa, imebaki chupa moja, na hiyo moja ndiyo ya kujaribia.

Losheni ya jua nayo ina namba. Nilibishana na dada mmoja wa duka dakika kumi nikitaka ile ya 50 kwa kuwa 30 niliiona ndogo, nusu tu ya kazi. Kumbe 30 huzuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza, na 50 huzuia kama 98. Moja! Nimegombana na mtoto wa watu kwa ajili ya asilimia moja. Tena hizo namba hupatikana maabara kwa kupaka miligramu mbili kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na mimi hupaka tone moja la ukubwa wa harage nikaligawa uso, shingo na mikono miwili, na linalobaki nampa shoga yangu.

Mahali pekee ambapo niliamini nitaheshimiwa ni saluni, kwa sababu nywele zangu ni nyeusi na nyeusi ni nyeusi. Dada msusi akaniuliza bila kuinua macho: "Rasta namba ngapi?"

"Nyeusi."

"Nyeusi 1 au 1B?"

Sikujua kama weusi una mitaa. Nikaambiwa 1 ni ule weusi wa makaa, na 1B umepoa kidogo, ndio unaofanana na nywele nyingi za kawaida. Nikasema 1B, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua tangu zamani. Nikakaa saa sita. Shingo ikasahau njia ya kugeuka. Saa ya tano dada akawa anavuta zile za mbele karibu na paji la uso kwa nguvu mpaka nyusi zangu zikahamia juu, nikaonekana kama mtu aliyepewa habari njema ghafla. Nikamwambia inauma. Akasema, "Ndiyo zitakaa, mpenzi." Zitakaa wapi? Nywele zikivutwa hivyo mara kwa mara zinang'oka pale mbele, na zikizoea kung'oka nyingine hazirudi. Nikamwomba alegeze. Akalegeza, ila kwa uso wa mtu aliyetukaniwa ukoo. Nililala siku mbili nimekaa.

Basi nikafanya hesabu yangu yote ya mwili. Kichwani ni 1B. Usoni ni karameli au chumba cha tatu. Juu ni M, kiunoni ni 10 au 14 kutegemea rundo, mguuni ni 39 asubuhi na punje kadhaa za shayiri jioni. Ukimpa polisi maelezo hayo anitafute nikipotea, ataleta watu watano.

Saa kumi nikachoka. Nikachukua futi ya kushonea ya marehemu bibi, ile ya njano iliyofutika namba upande mmoja, nikajipima mwenyewe mbele ya kioo. Kifua, kiuno, nyonga, bega hadi goti, mzunguko wa mkono. Kiuno nilikipima mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevuta pumzi, nikaandika kile cha mara ya kwanza kwa sababu sikutaka kurudia mambo ya zipu. Nikavipanga vizuri kwa sentimita, mstari kwa mstari, nikavipiga na picha, nikamtumia dada: "Haya. Hapa hakuna duka litakalobisha."

Akajibu baada ya saa nzima.

"Mdogo wangu, nililinunua tangu saa nne. Ni fri saizi."

Limefika juzi. Nilimsogelea yule bwana kioo nikiwa nimejiandaa kwa vita, nikatafuta zipu kwanza, nikaikosa, nikapitisha kichwa. Likashuka lenyewe mpaka magotini kama lilikuwa linanijua toka utotoni. Likanikaa! Nikajigeuza kushoto, nikajigeuza kulia, nikacheka peke yangu. Nikapiga picha nimtumie dada, halafu nikateremsha mkono ubavuni niweke simu.

Mfuko hamna. Kuna mstari wa uzi, kuna na kiraka cha kitambaa kama kifuniko cha mfuko, kimeshonwa kikazibwa kabisa. Mwaka 2018 kuna watu walipima jinzi 80 wakakuta mifuko ya mbele ya za kike ni mifupi kwa asilimia 48 kuliko ya kiume. Nilipoisoma nililalamika wiki nzima. Sasa hivi ningeipokea hiyo nusu kwa mikono miwili.

Nikamwandikia dada, "Limenikaa, ahsante sana." Akajibu, "Afadhali. Viatu je, unavaa namba ngapi?"

Simu nimeizima.