Aliyeonja Anajua, Ila Hajathibitisha

Mimi ni mwamini, na katika maombi nimepata ya kwangu ambayo sitayakana mbele ya mtu yeyote. Hata hivyo sikubaliani na kauli inayorudiwa makanisani kwetu, kwamba ushuhuda wa aliyeguswa unatosha kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Hautoshi.

Tuchukue Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, maana wengi tunaikumbuka. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa kutibu magonjwa sugu, UKIMWI na kisukari vikiwemo. Kikombe cha dawa ya mti huo kilikuwa shilingi 500. Magari yalijipanga kilomita kwa kilomita kwenye barabara ya vumbi iendayo Samunge, wagonjwa wakilala humo humo, na wapo waliokata roho kabla zamu yao haijafika. Waliokunywa walisimama wakashuhudia kwamba wamepona. Sina sababu ya kumwita Babu mwongo. Naamini aliota alichosema ameota. Lakini wapo walioacha ARV, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, kwa kukiamini kikombe, na virusi vikaendelea na kazi yake. Mtu anaweza kusema kweli tupu kuhusu alichokiona, na bado akakosea kuhusu kilikotoka.

Tena ndoto ya dawa ina nafuu: unarudi hospitali, unapimwa damu, jibu linatoka. Anayesema amemhisi Mungu tutampima kwa nini? Mwanafalsafa wa Uingereza, Richard Swinburne, anasema tuyaamini mambo kama hayo jinsi tunavyoyaamini macho yetu, hadi ipatikane sababu ya kuyatilia shaka. Ni hoja nzito kuliko wapinzani wake wengi wanavyodhani. Ila nikikuambia kuna embe mezani, utaingia chumbani ulione. Na sababu ya shaka ipo. Walokole wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walisema wamekutana na Yesu, Mwana wa Mungu. Sufi, Mwislamu anayemtafuta Mungu moyoni, katika dhikri, yaani kumtaja Mungu tena na tena, anamkaribia Mungu asiyezaa wala kuzaliwa. Mtawa wa Kibudha anaweza kufikia utulivu mkubwa bila kumtaja muumba yeyote. Machozi yao ni ya kweli, lakini wanayoyasema hayawezi yote kuwa sahihi kwa pamoja.

Nalikataa pia jibu la haraka la upande wa pili, kwamba hayo yote ni ubongo tu. Wanapenda kutaja jaribio la Ijumaa Kuu ya mwaka 1962 kule Boston, ambako Walter Pahnke aliwapa wanafunzi wa theolojia psilocybin, kemikali ya uyoga, na wengi wa walioimeza wakasimulia mambo ya kiroho mazito. Sawa. Lakini hata lile embe naliona kwa ubongo. Kujua ubongo unavyofanya kazi hakutuambii kama mezani kuna kitu au hakuna.

Kwa hiyo aliyekutana na Mungu ana haki ya kuishi kwa alichokipata, na asiyekutana naye hana deni la kuamini kwa sababu ya machozi ya mwenzake. Linaloniuma ni kijana anayenyanyua mkono baada ya ushuhuda na kuuliza, "Ulijuaje kuwa alikuwa Mungu?", kisha akaambiwa ana pepo la ubishi. Swali lake ni halali, na aliyeshuhudia ndiye anayepaswa kukaa naye chini walijadili.