Meka na kijiti

Ukitaka kujua mvua ilinyeshaje Zambia, nenda soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi) umtazame mama anayeuza unga. Mwaka wa neema anajaza meka, kopo lake la kupimia, mpaka inafanya kilima. Mwaka wa shida anapitisha kijiti mdomoni mwa kopo, kilichozidi kinarudi guniani. Mwaka 2024 kijiti hakikupumzika. Ukame ulikuwa umeunguza karibu hekta milioni 1 za mahindi ng'ambo ya pili. Tarehe 29 Februari Rais Hichilema wa Zambia akatangaza janga la taifa, na mahindi tunayoletewa kupitia mpaka wa Kasumbalesa yakaadimika. Mjini ukiuliza sababu, jibu likawa moja: mabadiliko ya tabianchi.

Wanaosema hivyo hawaropoki. Mvua ya Novemba ikidanganya, mtu anapanda, halafu jua linawaka siku kumi mfululizo. Mahindi yakikosa maji katika zile wiki mbili za kutoa ndevu, gunzi linatoka na mapengo kama kinywa cha mzee, hata mvua irudi kwa fujo namna gani. Na joto linapopanda, udongo unakauka upesi zaidi.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, walipouchunguza ukame ule, walikuta msukumo mkuu ulikuwa El Niño, lile joto la bahari ya Pasifiki linalokuja na kuondoka na kuvuruga mvua, si ongezeko la joto la dunia. Tena sisi Lubumbashi kwa kawaida tunapata mvua ya milimita kama 1,200 kwa mwaka. Mji wenye maji kiasi hicho unangojaje bukari (ugali) ya jirani?

Ardhi tunayo. Ila mbolea ni ghali, barabara za vijijini ni matope, na kijana mwenye nguvu anaona afadhali machimbo. Enzi za Moïse Katumbi, gavana wa Katanga, kampuni za madini ziliagizwa kulima hekta 500 kila moja. Wazo sikulikataa, ila mchimba shaba akiamriwa kulima, hulima kama anayelipa faini.

Kwa hiyo naelemea upande huu: mbingu ina kosa, lakini dogo kuliko letu. Hata miombo, misitu yetu, tunaigeuza makala (mkaa) wenyewe.

Kuna wanaotuambia tule mihogo zaidi, kwa kuwa inavumilia kiangazi. Kweli inavumilia. Lakini simama pale sokoni kidogo: mteja anachota unga kwa vidole, anausugua, anaunusa, kisha anauliza kwa mashaka, "Mama, hii ni mahindi matupu?"