Mnatuuzia Moshi, Wimbo Uko Wapi?

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Ngamiani, Tanga, kama mimi, kanitumia albamu mpya ya indastria, ule muziki wa kelele za mashine, saa nzima ya ngurumo, na onyo juu yake: "Usitafute wimbo humo, we zama tu kwenye hali." Nikavaa hedifoni, nikazima taa kama nilivyoelekezwa, nikazama. Mlango wa chuma ukabamizwa. Mtu akanong'ona Kijerumani. Mwangwi, mwangwi, mwangwi. Ilipokwisha nikamwambia haya, niimbie hata mstari mmoja. Akanijibu sijaelewa.

Nimeelewa sana, bwana. Mimi nimekulia jirani na shamba la mkonge. Aliyekuwa akituamsha ni korona, na nasema korona ya kuchakata mkonge, siyo ile ya 2020. Majani yanaingia upande huu, yanaparurwa nyama yote, maji yanamwagika, singa zinatokea upande wa pili, na ule mlio unausikia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo anayetaka kunitisha kwa sauti za mashine aje na kitu cha kuishinda korona. Kelele sisi tulikuwa nazo bure.

Ninachodai ni kile kinachobaki umeme ukikatika, na umeme wetu mnaujua. Chukua "Hurt" ya Nine Inch Nails, kundi la indastria la Marekani, ile inayofunga albamu yao ya 1994. Gitaa lake lina noti inayokwaruza, haitaki kutulia mahali pake, na mwisho linakuja wimbi la kelele linafunika kila kitu. Giza la kutosha, hakuna ubishi. Mwaka 2002 akaja Johnny Cash, mzee wa kantri, afya imemwisha, akaiondoa ile noti, akaondoa na kelele, akabaki na gitaa, piano na sauti iliyochoka. Wimbo ukasimama! Ulisimama hivi kwamba Trent Reznor, aliyeutunga, mwenyewe alikiri si wake tena. Sasa hiyo albamu ya rafiki yangu mpe mzee yeyote mwenye gitaa. Ataimba nini, mlango?

Kundi la Front 242 la Ubelgiji nalo, mwaka 1988, walitoa "Headhunter". Ubaridi mtupu, mashine tupu, lakini kiitikio kinahesabu moja mpaka nne, na asiyejua Kiingereza anahesabu nao.

Sawa, nakubali, shingo upande. Throbbing Gristle, kundi la Uingereza, walipoanzisha lebo yao ya Industrial Records mwaka 1976 hawakuwa wakitafuta nyimbo za kupigwa harusini. Wajerumani wa kundi la Einstürzende Neubauten walipoanza kugonga vyuma chakavu Berlin mwaka 1980, kule kugonga ndiko kulikokuwa hoja. Waliingia pasipo na njia. Lakini wewe unayegonga chuma leo kwa kubofya, chuma chenyewe umekishusha mtandaoni, njia gani unayofungua?

Tena sisi wa Tanga ndio wa mwisho kudanganywa kwa hili. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab. Walipotia gitaa la umeme na besi kwenye taarab, ladha ilibadilika, watu wakacheza. Lakini kinachowafanya mama zetu waendelee kuziimba wakikuna nazi ni maneno: vina, fumbo, na ule mstari unaorudi kukuchoma pale pale. Ala zilimbeba mwimbaji, hazikumfukia. (Na nyie wapenda giza mnaoidharau singeli, angalau yule msanii anasikika anachosema.)

Kuna kijana mtaani kwetu anatengeneza sauti hizi kwenye kompyuta yake, na masikio anayo kunishinda. Kanipigia kazi yake mpya: mdundo mzito, besi inatambaa, na huko chini kabisa kuna sauti yake inagugumia, neno halishikiki. Nikamuuliza humo unasema nini. Akatoa hedifoni, akasoma kwenye simu yake mistari minne kuhusu baba yake, kiwanda kilichofungwa, na ovaroli ambayo mama bado anaifua. Vina vimekaa. Mwili ulinisisimka.

Nikamwambia mwanangu, hiyo sauti ipandishe. Akasema itaharibu giza.