Altrasaundi na neva ya taya: mwangwi usiporudi

Ndani ya taya la chini kuna mfereji wenye neva inayoyapa hisia meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Daktari anapotoboa mfupa ili apandikize jino la nyuma, keekee ikiufikia mfereji huo mgonjwa anaweza kubaki na ganzi kwa miezi, pengine maisha yake yote. Anakunywa maji, yanamchuruzika kidevuni, naye hana habari. Ndiyo maana madaktari wengi huacha angalau milimita 2 za mfupa juu ya mfereji.

Kwa kawaida nafasi hiyo hupimwa kabla, kwa CT skani ya taya. Wanaotetea altrasaundi wana hoja nzito: skani haijui kwamba mkono umeenda upande, wala kwamba ncha ya keekee huweza kupita urefu ulioonyeshwa na alama zake. Kipimo chembamba kikiingizwa kwenye tundu lililokwisha kuanzwa hutuma wimbi la sauti, hupokea mwangwi kutoka paa la mfereji, na kueleza papo hapo mfupa uliobaki, tena bila mionzi. Naikubali hoja hiyo, kwa sababu neva huumizwa wakati wa kutoboa.

Lakini mashine haipimi umbali, hupima muda, kisha huuzidisha kwa kasi ya sauti iliyokadiriwa. Tuseme imepangiwa mita 1,800 kwa sekunde, kumbe mfupa wa mgonjwa huyu, uliojaa uboho wenye mafuta, unapitisha sauti kwa mita 1,540. Kioo kitasoma milimita 5 pale penye milimita 4.3 tu. Zaidi ya theluthi ya ile nafasi ya usalama imepotea, na hakuna aliyeona. Ukipandisha masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ili upate usahihi, mfupa hulimeza wimbi. Ukiyashusha, wimbi lenyewe huwa refu kukaribia umbali unaoutafuta.

Kinachonitia hofu zaidi ni paa lenyewe. Kwa baadhi ya watu mfereji hauna ukuta mgumu kila mahali. Hapo mwangwi hufifia au haurudi kabisa, na daktari anaweza kudhani mfupa bado ni tele.

Kwangu mimi, skani ibaki na altrasaundi iongezwe juu yake. Vipimo vikipingana, ufuatwe umbali ulio mfupi. Mwangwi usiporudi, keekee isimame, kijiti cha kupimia kitiwe tunduni, na eksirei ipigwe kabla ya kuendelea.